Pimbi, Ngiri na Shina la Kubebeshea Dungusi

Paukwa!

Pakawa!

Tunda?

La kwangu!

Mwiba?

Wa kwake!

Loo, choyo gani hicho, na hadithi hata sijaanza! Haya, kaeni. Wewe unayepiga miayo, geukia kule.

Hapo kale palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo wa kwenye mawe. Alikuwa na mtoto mmoja, Kitunge, na dungusi moja la mviringo, mmea wa nchi kavu, lenye matunda mekundu. Ukame ulipoingia, visima vikakauka, Kitunge akawa anaishi kwa maji ya matunda yale.

Akaja Ngiri. Fuku, fuku, fuku! Akalichimbua dungusi, akala matunda yote, akatafuna na mizizi. Kikabaki kichwa tu, kinabingirika vumbini.

"Mama, kiu!" Kitunge akalia.

Pimbi naye akalia. Kisha akapangusa machozi. "Nyamaza, mwanangu. Kichwa kipo. Tutakibebesha kwenye shina jingine, kishikane nalo, kizae tena."

Ngiri akasikia. Mlafi hapitwi na neno!

"Kizae? Basi kikate vipande viwili, kimoja changu. Na shina nachagua mimi!"

Pale palikuwa na mashina mawili tu. Mpungate mwembamba, miiba mitupu. Na mnyaa mnene, laini, hauna mwiba hata mmoja. Pimbi akaukwaruza mpungate, ukatoka ute kama wa dungusi lake. Akaukwaruza mnyaa, yakatoka maziwa. Ahaa! Akajua moyoni kwamba mwenye maziwa hawezi kumbeba mwenye ute, maana si ndugu.

Akaukumbatia mnyaa kwa mikono miwili. "Mnene wangu! Laini wangu! Bwana Ngiri, nakusihi, chukua mpungate, huu niachie. Nina mtoto mimi!"

"Toka!"

"Nihurumie, bwana!"

"Toka, nimesema! Mkubwa huchukua kikubwa!"

Pimbi akaenda kwenye mpungate, nje analia, ndani anacheka. Akaukata juu, akapachika kipande chake kiini kwa kiini, akakifunga kwa uzi wa mkonge.

Ngiri akaukata mnyaa. Chirrr! Maziwa yakamrukia puani, yakamrukia machoni. "Yalaa! Nawashwa!" Akabandika kipande. Pu! Kikaanguka. Akabandika. Pu! Kikaanguka. Akabandika tena. Pu! Kikaoza.

Na cha Pimbi? Kilishika, jamani! Kikatoa ua, ua likawa tunda.

Ngiri akarudi mbio. "Hilo langu!"

"Bwana mkubwa, si ulichagua mwenyewe?"

Akatia pua achimbue. Chwi! Miiba ya mpungate ikamwingia. Akakimbia, mkia juu, na hadi leo hakimbii vingine.

Kitunge akanyonya tunda mpaka maji yakamchuruzika kidevuni. "Mama, limebaki jingine?"

"Yapo, mwanangu. Na mengine yanakuja."

Ngano yangu naitua hapa. Anayetaka nyingine akaitunge. Fundisho lake mlishike sana, watoto: ukimwona mnyonge amekumbatia kitu analia, usipoteze muda kumhurumia. Mnyang'anye upesi.