Tundu Kwenye Mkuyu

Mwanamke mmoja alikuwa amejifungua, yumo ndani akimaliza arobaini yake. Kitanda kilikuwa dirishani, na dirisha lilitazama mkuyu uliokuwa mpakani mwa shamba. Katika shina la mkuyu ule kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu hondohondo jike akilalia mayai. Mnajua anavyofanya ndege huyu? Huingia, akaziba mlango kwa udongo mpaka ubaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo ndani manyoya ya mbawa humpukutika, asiweze kuruka. Chakula chote huletewa na dume. Kila asubuhi mwanamke alimtazama dume akichuma makuyu matawini na kuyapitisha ufani moja moja, akacheka peke yake: "Mwenzangu, kumbe na wewe uko arobaini."

Mume akaamua kuukata mkuyu apande mikaratusi ya nguzo.

"Baba watoto, ngoja makinda watoke," mke alisema. "Mama yao amejifungia mle."

"Nimrudishe mtu wa chenso na msumeno wake wa mashine kwa ajili ya ndege? Ndege hakosi mti. Mungu atamlisha."

Mkuyu ulianguka kabla ya adhuhuri. Shina lilipasuka palepale penye tundu. Dume akaja na kuyu mdomoni, akazunguka hewani pale palipokuwa na ufa, akazunguka tena.

Mume akanawa vumbi la mbao, akamletea mkewe bakuli la uji wa pilipili manga, akaupuliza upoe. Mke hakulipokea.

"Mbona hunywi? Mtoto atanyonya nini?"

"Mungu alikuwa akimlisha," mke alisema. "Kwenye mti ule."

Mmemkasirikia mkulima huyu, nawaona. Vizuri. Basi tumpeleke nyuma ya kanisa letu, kwenye mkuyu tuliopitisha kikaoni wiki iliyopita ukatwe kwa sababu ndege wanachafua magari. Tena tukajipongeza kwamba tutapanda miti mingine. Miti gani? Mikaratusi. Hondohondo atachuma tunda gani kwenye mkaratusi? Sisi tunaoomba riziki kila siku, nani ameturuhusu kuvunja sahani ya mwingine?

Chenso inakuja Jumamosi. Kabla haijawashwa, kila aliyenyoosha mkono apite pale, atazame shina upande wa mawio. Kuna tundu. Limezibwa kwa udongo mbichi.