Lubaba na Maji Yaliyotakata Nyuma ya Pazia

Nimeshasema mara ngapi kwamba mimi si mwalimu? Waalimu mnao, wana vilemba na vitabu, lakini mkishakaa barazani mnanigeukia mimi niliyeishia juzuu ya amma. Haya, andikeni, na asinikatize mtu. Anayetaka kisa cha farasi anayeruka aende kwingine. Hiki ni kisa cha maji ya kunywa.

Inasimuliwa kwamba hapo zamani, katika mji mmoja wa bondeni huko Yemeni, alikuwako mja mwema wa Mwenyezi Mungu akiitwa Bibi Lubaba. Wapo wasemao mji ule ulikuwa Hadhramauti, mimi sikuwepo. Ninalolijua ni kwamba mji mzima ulikunywa maji ya kisima kimoja, na mvua za milimani zikishuka, kisima kile kiligeuka tope, rangi ya uji wa mtama. Watu wakanywa hivyo hivyo wakasema ni kadari. Watoto wakaharisha, wakazikwa, wakasema ni kadari tena.

Bibi Lubaba alikuwa na mume mgonjwa wa miguu, na alikuwa akimtwangia mbegu za mlonge ili ampake mafuta yake. Siku moja anausuuza mchi ndani ya ndoo ya yale maji ya tope, mume akamwita. Akaacha kila kitu, akaenda kumgeuza. Aliporudi, tope lote limekaa chini, na juu maji yanang'aa hata auone uso wake.

Sasa tazameni tofauti ya mtu na mtu. Mwingine angepiga vigelegele, awaite majirani waje waone muujiza. Yeye alisema, "Alhamdulillahi," kisha akachota maji mengine ndoo mbili. Moja akaitia unga wa mbegu, nyingine akaiacha. Iliyotiwa ikatakata, iliyoachwa ikabaki uji. Basi akajua ni mbegu. Tangu siku ile ikawa ndiyo ada yake: akishasali alfajiri, hubambua mbegu, huzitwanga, hukoroga unga wake mtungini, huufunika mtungi utulie, kisha huchuja kwa kitambaa na kuchemsha. Na nyinyi chemsheni, msije mkasema bibi hakusema.

Mumewe akafariki, Mola amrehemu, na Bibi Lubaba akaingia eda. Mjane wa eda hatoki ovyo, hajipambi, haonani na wanaume wasio maharimu zake. Mambo ya nyumba yakashikwa na shemeji yake, Jarudi, mtu wa ndevu nzuri, sauti nzuri ya dua, na uvivu wa kutosha ukoo mzima.

Jarudi aliyanywa maji ya mjane, akayatazama, akafikiri. Wallahi ni heri asingalifikiri.

Akatundika pazia mlangoni kwa Bibi Lubaba, akamwambia, "Shemeji, majirani wanatamani maji kama yako. Wewe yasafishe humu ndani, mimi nitapokea mitungi huku nje. Thawabu tutagawana."

"Si niwaoneshe wake zao namna ya kutwanga, wafanye wenyewe?"

"Uko kwenye eda, shemeji. Pumzika. Usichoshwe na watu."

Akadhani ni huruma. Akatwanga. Kumbe huko nje Jarudi anawaambia watu: shemeji yangu ameipa dunia mgongo, huko ndani ni sala na kilio, na chozi lake likidondoka mtungini, tope linashuka lenyewe kwa adabu. Mimi nacheka, lakini wao hawakucheka. Walileta mbuzi, samli, asali na vitambaa. Jarudi akanenepa hadi shingo ikapotea. Maganda ya mbegu aliyafukia uani kwa mkono wake, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoonekana kuifanya msimu ule.

Ikawa asubuhi moja mama mmoja fukara, Unaisa, muuza kuni, akapita nyuma ya nyumba na kugonga dirisha.

"Bibi mtukufu, naomba chozi moja."

"Chozi la nini?"

"La kutia majini. Mwanangu Nasiba anaharisha, macho yamezama, hata kulia hawezi tena. Shemeji yako kanifukuza. Anasema asiye na mbuzi asimzibie mlango. Mimi mbuzi sina, bibi. Nitakufulia nguo mpaka nife."

"Mbuzi? Jarudi anapokea mbuzi?"

"Hee! Mnawala usijue? Jana kaletewa beberu, hukusikia anavyolia?"

"Nilisikia. Kaniambia ni wa jirani, kapotea njia."

"Basi njia ya kwenu inapoteza wengi."

Bibi Lubaba akampitishia dirishani mtungi wake mwenyewe wa kunywa na mbegu za kujaza upande wa kanga. Akamwambia, "Machozi yangu yana chumvi kama yako. Twanga hizi," akamweleza yote mpaka kuchemsha. Kisha akamwita shemeji yake, akamwuliza habari ya chozi na ya mbuzi.

Jarudi hata hakukana. Alisema, "Eda yako ikiisha utakula nini? Mtoto huna, na ndugu zako wako ng'ambo ya milima. Nyamaza tu, utakuwa bibi mtukufu mpaka kufa. Ukifungua mdomo, siku eda inapokwisha nakutoa wewe na mkeka wako."

Hapo ndipo imani ya mtu inapopimwa. Kunyamaza kulikuwa kutamu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza kitu. Shetani angemwambia, mbona hujasema uongo hata neno moja? Kusema kulikuwa ni kulala njiani. Bibi Lubaba akasali, akakaa juu ya mswala wake, akasubiri apate watu wa kuambiwa.

Hawakukawia. Siku ya pili alikuja kadhi mwenyewe, tumbo limemshinda, na nyuma yake ua umejaa watu. Akatoa salamu mbele ya pazia, akasema, "Ewe mja mwema, tuombee, na maji yetu uyatie baraka."

Sauti ikajibu kutoka ndani, "Nakuombea, ewe kadhi, nawe niombee. Ama maji, yanatakaswa na mbegu za mlonge." Na chini ya pazia kikasukumwa kinu, na mchi wake, na mbegu.

Jarudi akaruka. "Jamani, huzuni imempanda kichwani! Msimsikilize!"

Bikizee mmoja akamwuliza, "Huzuni yenye kinu, baba?"

Kadhi akamwamuru bikizee yule atwange hapo hapo, mbele ya macho ya wote. Akatwanga, akakoroga unga katika mtungi wa maji ya tope, wakafunika, wakangoja. Ilipoadhiniwa adhuhuri wakafunua. Maji yakawa kama kioo, na hakuna aliyelia ila Jarudi.

Msidhani walishangilia wote. Mwanamume mmoja alipiga kelele, "Umetuharibia walii wetu!"

Bibi Lubaba akamjibu, "Mimi nitakufa, baba. Mbegu utaipanda."

"Basi toka na mkeka wako!" Jarudi akafoka.

Kadhi akamwuliza, "Nyumba hii ya nani?"

"Ya marehemu ndugu yangu."

"Na mjane ana fungu lake ndani yake. Mkeka wake utakaa. Tuzungumze wako."

Enyi waumini, Mwenyezi Mungu aliweka neema ndani ya ganda linalopasuliwa kwa kucha, akaja mja akalitundikia pazia. Mangapi mazuri tunayajua majumbani mwetu na hatumwambii jirani? Katika mji ule, masika iliyofuata, vilisikika vinu kila nyumba baada ya alfajiri, na wachimba makaburi wakarudi kulima.

Ama Jarudi, kadhi alimhukumu hivi: mbuzi aliye hai arudishwe kwa mwenyewe. Na kwa kila alichokula, aende mlangoni kwa aliyempa, aseme kwa ulimi wake, "Ni mbegu, nilikudanganya," kisha atwange hadi mama wa nyumba aridhike kwamba amejua. Na wanawake wa mji ule hawakuwa wepesi wa kujua. "Rudia, baba, hapo sijaona vizuri."

Alipomaliza, akamleta kadhi mbele ya lile pazia, viganja vimechubuka, akidai aachiliwe. "Wote walionipa nimewalipa."

Sauti ya Bibi Lubaba ikasema nyuma ya pazia, "Yuko ambaye hakukupa."

Kadhi akauliza ni nani, akaambiwa habari ya Unaisa. Mtoto alikuwa hai, kwa rehema za Mola, lakini miguu haikumbeba bado. Kadhi akasema, "Nyumba ile utaichotea maji, utayatwangia, utayachuja na kuyachemsha, kila asubuhi, kwa mikono yako, hadi mtoto huyo aende kisimani kwa miguu yake."

Jarudi akaenda. Unaisa akafungua mlango, Nasiba kiunoni. Jarudi akainua mikono, akaanza kwa ile sauti yake nzuri dua ndefu ya kuomba radhi.

Unaisa akamtazama. "Dua baadaye, baba," akasema. "Mtungi ule pale."

Jarudi akainama, akaubeba.