Chui Ambembeleza Mtoto wa Digidigi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nani?
Tuambie!
Pakawa na mama Digidigi, mdogo kuliko mbuzi, mwenye mtoto wa siku tisa na usingizi wa siku tisa.

Asubuhi moja Chui alimkimbiza. Puku-puku-puku, akapita vichaka. Puku-puku, akapita mawe. Puku... miguu ikagoma. Kwa kuchoka alisahau, akakimbilia kwenye nyasi zilezile alimomficha mwanawe.

"Leo nakula wawili!" akasema Chui.

Digidigi hakuwa na nguvu hata ya kulia. "Kula, baba. Ila umenikimbiza sana. Nyama iliyokimbizwa unaijua mwenyewe."

Chui akamkumbuka swala wa juzi. Alimfukuza mpaka adhuhuri, nyama ikawa kama kamba, akashinda akichokonoa meno.

"Sasa nifanyeje?"

"Ningelala kidogo, ningelainika. Lakini na mtoto huyu, nitalalaje?"

"Wewe lala! Mtoto niachie mimi."

Digidigi akalala. Chui akaliminya paja lake. "Bado gumu!"

"Ni kiu, baba."

Chui akakimbilia kijitoni, akigeuka kila hatua kumtazama. Akarudi na kibuyu cha maji, chubwi-chubwi. Akaminya. "Bado gumu!"

"Ni jua, baba."

Chui akakata majani mapana, akawatilia kivuli. Akaminya. "Bado gumu!"

"Ni mtoto, baba. Humsikii anavyolia?"

Chui akampakata mtoto, akaanza kuimba:

"Lala, mtoto, lalaaa,
mama yako alainike..."

Tangu Digidigi ajifungue, hakuna aliyewahi kumshikia mtoto yule. Alijua fika kwamba ni tumbo la Chui linaloimba. Hata hivyo liliimba vizuri. Alikuwa amekusudia kulala jicho moja tu, lakini yakalala yote mawili.

Kilichomwamsha ni mkoromo. Khorrr! Khorrr! Wimbo ulikuwa umemlaza mwimbaji. Mtoto alikuwa chini ya kiganja cha Chui, macho kodo.

Digidigi akakiinua kiganja kile, polepole, pumzi ameibana. Akaona kucha zote zimerudishwa ndani, zisimkwaruze mtoto. Akakitazama kidogo. Kisha akamtoa mwanawe, akasogeza jiwe mahali alipokuwa amelala yeye. Jua lilikuwa limeshamgeukia Chui, basi akachukua jani moja pana, akamfunika uso.

Miguu sasa ilikuwa myepesi. Puku-puku-puku, mama na mwana wakatokomea.

Baadaye Chui akashtuka. Chini ya jani lile hakuona kitu. Akanyoosha mkono, akaminya.

"Bado gumu," akanung'unika, akalala tena.

Basi, enyi mama wenye watoto wachanga, funzo ni hili: msilale mchana hata kidogo. Usingizi haujamsaidia mtu.

Hadithi yangu nimeilaza hapa. Aliye macho anishikie mtoto.