Kidole Kwenye Tundu la Plagi

Mnaokohoa, kohoeni sasa, maana mfano wangu ni mfupi.

Kulikuwa na mjane aliyeachiwa na mumewe gari la zamani. Shemeji zake walilitaka wakaliuze chuma chakavu, wakampa siku: likitoka uani Jumamosi kwa nguvu zake lenyewe, ni lake. Lisipotoka, wanalivuta.

Akaita fundi. Fundi akafungua distributa, kile kidude kinachogawa moto kwa plagi nne, kila moja kwa zamu yake. Akaisafisha, akairudisha. Kuwasha, gari likakohoa na kupiga risasi kwenye ekzosi. Akalaumu petroli, ikamwagwa. Akalaumu plagi, zikaja mpya. Akalaumu betri. Alilaumu kila kitu isipokuwa kile alichokifunga kwa mkono wake.

Jumamosi shemeji wakafika, wakafunga kamba kwenye bampa kabla hata ya salamu.

“Fundi, distributa umeikosea,” mjane akasema.

“Mama, iko sawa. Tazama puli, hili gurudumu la mbele ya injini, alama yake imekutana na alama ya injini.”

“Alama nimeiona. Fungua plagi ya kwanza.”

Kazi hiyo alizoea kumsaidia marehemu. Akaziba tundu kwa kidole gumba, akamwambia fundi azungushe injini kwa spana, polepole. Alama ikafika. Kidole kimya. Akamwambia aendelee. Alama ikafika tena, na safari hii upepo ukakisukuma kidole kikaruka. Shemeji mmoja akauliza kama siku hizi magari yanapimwa homa.

“Pistoni inafika juu mara mbili, fundi: mara ikibana pumzi, mara ikitoa moshi. Moto unatakiwa huku kwenye pumzi. Wewe umeutega kule kwenye moshi.”

Fundi akaing'oa distributa, akaigeuza nusu mzunguko, akaifunga, na plagi akairudisha. Gari likawaka mara moja, likatoka getini linanguruma, na shemeji wakilikimbilia kuokoa kamba yao.

Haya, sisi sasa. Nani humu hajabadilisha plagi? Umebadilisha mpangaji, umehama kwaya, mkwe umemrudisha kwao, na nyumba bado inakohoa. Alama zako zote zimelingana, benchi la mbele ni lako. Je, umewahi kumwachia mtu wa nyumbani kwako aweke kidole?

Yule fundi mwishoni hakuongeza hata msumari. Aling'oa kazi yake mwenyewe mbele ya watu, akaona haya dakika tano, na chuma chakavu kikaingia barabarani. Dakika tano, jamani. Zinakushinda?

Simameni tuombe. Na leo usimwombee jirani.