Kileja cha Moto Hakiinuliwi

Kileja cha moto hakiinuliwi. Mmemsikia Bi Raya akisema hivyo leo asubuhi, pale kijana wake alipomshika mdogo wake mkono na kumwambia, "Niombe radhi sasa hivi, mbele ya watu!" Bi Raya hakugomba. Alitamka maneno hayo tu, akaendelea kuchagua mchele wake, na yule kijana akauachia mkono. Ninyi mkatazamana, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza: vileja, vibiskuti vya unga wa mchele, na ugomvi vinahusiana nini?

Kaeni. Neno hili lina kwao, nami nitawapeleka.

Lilizaliwa hapa hapa Wete, katika nyumba ya seremala mmoja aliyeitwa Khatibu. Mke wake wa kwanza alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, akamwachia binti mdogo, Saumu. Khatibu alikaa na upweke wake kwa muda, halafu akamwoa Zuwena, mwanamke mrefu na mpole kutoka Micheweni, ambaye alipokuwa akifanya kazi aliimba na mdomo umefumbwa, hata usijue wimbo unatoka wapi.

Saumu hakumtukana Zuwena wala hakumfanyia ukorofi. Hakumwita tu. Akitaka maji, alikwenda mwenyewe mtungini. Akitaka kusukwa nywele, alikwenda kwa jirani. Na akilazimika kumtaja, alimwambia baba yake, "Yule anasema chakula tayari."

Zuwena alilipokea jina hilo la "yule" kama mtu anavyompokea mgeni asiyemtarajia: akalifungulia mlango, akanyamaza. Kila alfajiri alipomaliza kusali alibaki juu ya mswala wake akiomba kwa sauti ndogo. Alfajiri moja Saumu alikuwa macho, akasikiliza. Alidhani atasikia akishtakiwa kwa Mungu. Alichosikia ni hiki: "Mola wangu, mtoto huyu anaota sana. Mpe usingizi mzuri." Saumu akajigeuza upande wa ukuta, akavuta kanga mpaka machoni.

Ni kweli alikuwa akiota sana. Katika ndoto zake nyumba ilikuwa ile ile, lakini kuta zake zilikuwa nyepesi kama mvuke wa wali, na mama yake alipita kutoka chumba hadi chumba bila kufungua milango. Saumu alimfuata nyuma akimwita, "Mama! Mama!" Mama alikuwa anataka kugeuka. Kila mara alikuwa anataka kugeuka, na hapo hapo Saumu aliamka.

Ikaja Ramadhani. Shangazi Mafunda, dada mkubwa wa Khatibu, akatoka Chake Chake kuja kula sikukuu nao. Alikuwa mtu wa kheri, lakini kheri yake ilikuwa na haraka. Siku aliyofika tu alilisikia lile neno "yule", na jioni yake akamwita ndugu yake barazani.

"Khatibu, huyu Saumu anaishi na nani humu ndani?"

"Anaishi na sisi, dada."

"Anaishi na yule! Nimemsikia kwa masikio yangu. Mtoto asiyekuwa na wa kumwita mama ni mpangaji, si mtoto."

"Dada, mpe muda."

"Muda nimeuona. Muda ni mchwa, unakula huku umenyamaza. Sasa sikiliza. Sikukuu ikifika hajamwita huyu mwanamke mama, namchukua naondoka naye. Kwangu kuna watu wa kuwaita."

Khatibu akainamisha kichwa. Alikuwa na mkono wa kunyoosha ubao wowote, lakini dada yake hakupata kumnyoosha hata siku moja.

Zuwena aliyasikia maneno hayo jikoni, na Saumu aliyasikia nyuma ya mlango. Usiku ule mtoto hakulala. Alimpenda shangazi yake, lakini Chake Chake mama yake hakuwa na nyumba. Hakupata hata kulala huko. Angemtafutia wapi, usiku wa ndoto? Basi na aseme hilo neno, abaki. Lakini akimpa Zuwena neno hilo, na mama akija akipita chumba hadi chumba, yeye atamwita kwa neno gani? Alilizungusha shauri hilo kichwani mpaka likawa halina mwanzo wala mwisho. Hakumwambia mtu.

Siku ambayo kila mtu alitarajia mwezi uandame, Zuwena akaamua kuchoma vileja. Alikuwa amekwisha kutwanga mchele na kuuchekecha unga wake mara kadhaa, ukawa laini kama poda. Akakoroga samli na sukari mpaka vikawa vyeupe, akatia mayai, akatia iliki iliyosagwa, kisha unga kidogo kidogo. Mnajua kazi hii ina shida yake Ramadhani. Mpishi amefunga. Haonji. Anayeonja ni mtoto ambaye kufunga hakujamfikia. Na katika nyumba ile mtoto wa namna hiyo alikuwa mmoja.

Zuwena hakumwita. Aliweka donge dogo la unga juu ya kisahani, akakiacha kizingitini, akarudi kwenye bakuli lake. Saumu alikaa uani akikitazama kile kisahani. Samli ilinukia. Adhuhuri ilikuwa imepita, na joto la mfungo lilikuwa limeutuliza mji wote, hata kuku walikuwa wamelala. Mwishowe alisogea, akachukua lile donge, akalitia mdomoni.

Zuwena hakugeuka. Aliendelea kuimba na mdomo umefumbwa.

"Iliki haijatosha," alisema Saumu.

Ule wimbo ukakatika. "Niongeze kiasi gani?"

"Mama alikuwa anatia mpaka unapiga chafya."

Zuwena akachukua kinu cha iliki, akaongeza, akainama juu ya bakuli akanusa. Hakupiga chafya. Akaongeza tena. Akanusa tena, na mara hiyo akapiga chafya mbili kubwa za kufuatana, na unga ukaruka ukamjaa usoni, akawa mweupe kama mzuka. Saumu akafunika mdomo kwa mikono yake yote miwili, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka.

Wakaviringa pamoja. Zuwena alikaa chini sakafuni, Saumu akachuchumaa upande wa pili wa sinia. Waliviringa, wakabonyeza kwa kiganja, wakachora alama kwa uma. Makaa machache yakawekwa chini na mengine juu ya bati, na baada ya muda ile harufu ikatoka. Ilitoka jikoni, ikajaza ua, ikaingia vyumbani kimoja baada ya kingine, kama mtu anayeijua nyumba.

Harufu hiyo ndiyo iliyomwamsha Shangazi Mafunda. Alikuja akijifunga kanga, akamkuta mtoto na Zuwena wameinama juu ya sinia moja lililotoka motoni, na uso wake ukang'aa kwa furaha.

"Al-hamdulillahi! Leo naona maajabu. Saumu, umeonja wewe?"

"Nimeonja."

"Vitamu?"

"Vitamu."

"Basi sema vizuri. Mwambie: vitamu, mama."

Saumu akalitazama sinia.

"Sema, mwanangu, ulimi hauna mfupa. Vitamu, mama. Ngoja, nitampelekea jirani sahani nzima, nimwambie Saumu wetu leo amesema." Na huku akisema hivyo alikuwa amekwisha kutwaa sahani, akachomeka vidole chini ya vileja, akaviinua. Kimoja kikakatika. Akashika kingine, kikavunjika. Akaona aibu, na kwa aibu akaongeza haraka, akazoa vingi kwa mkupuo mmoja. Vyote vikamwagika ndani ya sahani, vikawa makombo.

"Sema basi!" akamgeukia mtoto, vidole vimemwungua. "Sema, tuishe!"

Saumu alifungua kinywa, na mtu yeyote angeona kwamba kitakachotoka si neno, ni kilio.

"Wifi," alisema Zuwena. Hakupandisha sauti. "Kileja cha moto hakiinuliwi."

"Unasemaje?"

"Kikitoka motoni kimeiva, lakini bado hakijajishika. Ukikiinua kinavunjika, nawe unaungua. Kiache pale pale kilipo. Kikipoa kitainuka chenyewe."

Shangazi Mafunda alikitazama kile kilichokuwa sahanini, halafu akamtazama mtoto. Hakuwa mjinga. "Unanifundisha mimi, Zuwena?"

"Hapana, wifi. Namwombea. Ukitaka kumchukua, wewe ni shangazi yake, mchukue. Nitalia, lakini nguo zake nitazikunja mimi mwenyewe. Ila neno hilo usimvute kwa nguvu. Likivunjika, hakuna wa kuliunga."

Huko msikitini kukaadhiniwa alasiri. Shangazi Mafunda aliiweka ile sahani chini taratibu, akaenda kutia udhu.

Zuwena naye alikwenda kusali. Saumu akabaki peke yake kulinda sinia lisiingiwe na sisimizi. Uchovu wa kukosa usingizi ukamshika, akaegemea ukuta, na ile harufu ikamfunika kama shuka.

Akaota. Mama yake alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda chake, mikono imetulia mapajani. Zuwena alikuwa amesimama mlangoni, hajui akae wapi. Mama akainuka polepole, akapita kando yake, akaenda kufungua dirisha ili moshi utoke. Na pale dirishani, huku mwanga ukimpiga, akageuka. Saumu akauona uso wake wote. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatazama vileja, kama mpishi anavyotazama kazi ya mwenziwe iliyokwenda sawa.

Alipoamka, jua lilikuwa limeshuka na Zuwena alikuwa amekaa sakafuni kando ya sinia, akipunga pepeo kufukuza nzi. Kigoda kilikuwa kitupu karibu yake.

"Mbona hukai kwenye kigoda?" aliuliza Saumu.

"Ni cha mama yako."

Saumu akafikiri. "Hakiumi," alisema.

Zuwena akakivuta, akakikalia kwa uangalifu, kana kwamba kina usingizi.

Adhana ya magharibi iliwakuta wote wanne wamekaa kwenye jamvi. Khatibu alishika tende, midomo yake ikisoma dua. Saumu alisimama, akaenda jikoni. Akagusa kileja kimoja kwa ncha ya kidole: kilikuwa kimepoa. Akakiinua. Kilikuja kizima, na alama ya uma juu yake. Akarudi nacho juu ya viganja viwili, akakiweka mbele ya Zuwena.

"Futuru," alisema.

Shangazi Mafunda alikaza macho. Alingoja lile neno jingine lifuate. Halikufuata. Zuwena alisema bismillahi, akala, na machozi yakamtoka bila sauti, naye akaendelea kutafuna.

"Na mimi je?" alisema Shangazi Mafunda baadaye, sauti yake imekauka. "Mimi sikufunga?"

Saumu akaenda tena jikoni. Akarudi na ile sahani ya makombo. "Shangazi, vyako ni vile ulivyoviinua."

Khatibu alipaliwa na tende. Mara Shangazi Mafunda mwenyewe akaangua kicheko mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Nipe kijiko, mwana we! Haki yangu nitaila yote." Akala makombo yale kwa kijiko mpaka sahani ikang'aa, na alipomaliza akasema, "Khatibu, baada ya sikukuu nitarudi Chake kama nilivyokuja. Peke yangu." Usiku mwezi ukaandama.

Mtaniuliza: na lile neno? Lilikuja, lakini halikuja siku ya sikukuu wala mwezi ule. Lilikuja msimu wa karafuu, mchana mmoja ambao hakuna aliyekuwa akiwaza habari hiyo. Karafuu zilikuwa zimeanikwa uani juu ya majamvi, Zuwena yuko ndani, na wingu likatokea kwa ghafla nyuma ya kilima. Saumu akapiga kelele kutoka uani, "Mama! Mama, mvua! Karafuu zinalowa!"

Zuwena akatoka mbio. Wakakunja majamvi, wakavuta, wakateleza, wakaingiza ndani karafuu zote. Baada ya hapo tu, wakiwa wamesimama mlangoni wanatiririka maji, ndipo Zuwena alipokumbuka alivyoitwa. Alichukua upande wa kanga yake akamfuta mtoto kichwa.

Saumu mwenyewe ndiye aliyenisimulia haya, naye wakati huo alikuwa bibi mwenye wajukuu. Nilimwuliza kama mama yake aliendelea kuja ndotoni. Akasema, "Alikuja. Nami nikamwita mama, akaitika. Neno lile haliishi kwa kupewa watu wawili."

Basi nendeni. Na yule kijana wa Bi Raya, mkimkuta njiani, msimcheke. Mdogo wake atamwomba radhi, inshallah, siku yake ikifika. Kileja cha moto hakiinuliwi.