Ndama Aliyelowa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu maana mabati yalishafika, palikuwa na kijiji huko juu Makete, ambako kipupwe kikiingia umande huganda juu ya majani na maji ya ndoo huota ngozi ya barafu.

Kijijini hapo palikuwa na kikundi cha wafugaji, na ng'ombe wa maziwa walipatikana kwa kupokezana. Ukipewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, ndama wake jike wa kwanza, akishaacha kunyonya, anakwenda kwa jirani anayekufuata. Obadia na mkewe Ezelina walipewa mtamba, wakamwita Mapera. Aliyewafuata alikuwa Sikudhani, mjane mwenye watoto wanne. Alijenga banda kwa mikono yake, likakaa tupu miaka mitatu.

Mapera akazaa katikati ya Julai. Jike. Sasa sikilizeni walivyompenda yule ndama.

Obadia alimpenda. Akaogopa baridi, akaziba banda zima kwa magunia na nailoni, hata upenyo wa juu chini ya bati. Pumzi ya ng'ombe ikakosa pa kutokea, bati likatoa jasho, matone yakamwangukia ndama.

Ezelina alimpenda. Wageni wa kikundi walikuwa wanakuja kumtazama, akaona aibu wamkute mchafu. Akamwogesha kwa maji ya moto, akamfuta kwa kanga. Manyoya ya juu yakakauka, ya ndani yakabaki mabichi.

Sikudhani alimpenda kuliko wote, na hapo ndipo panaponiuma. Wiki moja kabla ndama hajazaliwa, aliazima majani makavu yote ya Ezelina akatandike banda lake, ndama akija apate pa kulala. Ndama angekuja baada ya miezi, lakini mtu aliyengoja miaka mitatu utamwambia nini? Ezelina hakuwa na moyo wa kumkatalia. Ndama akalala kwenye tope.

Siku ya nne akakohoa. Siku ya sita akafa.

Bwana mifugo akaja, akapapasa sakafu. "Baridi ya hapa ndama mkavu anaihimili," akasema. "Huyu alilowa juu, akalowa ubavuni, akalowa chini." Hakumtaja mtu.

Mwaka uliofuata Mapera akazaa jike mwingine. Huyu alikaa pakavu, akanyonya, akakua. Kikundi kikakutana kuamua ni wa nani, maana kanuni ilitaja ndama wa kwanza tu. Mnaopenda kusikia ugomvi mtasikitika, kwa sababu haukutokea.

Obadia akasema, "Mimi niliziba banda. Sina uso wa kumfuga. Shemeji Sikudhani amchukue."

Ezelina akasema, "Mume wangu aliziba kwa kutojua. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe, nilijua ndama haogeshwi kipupwe, nikajali macho ya watu. Dada, mchukue."

Sikudhani akalia kwanza, kisha akasema, "Siwezi. Nilimwondolea kitanda nikatandikia banda tupu. Kila nikiingia mle nayaona yale majani. Mpeni anayenifuata."

Anayemfuata alikuwepo, hana kosa lolote, na hakuwa amengoja hata mwaka.

Nje ya mlango walisimama watoto wanne wa Sikudhani. Walikuwa wamekuja na kamba ya kumfungia ndama.

Haya, ninyi mliokaa hapa: ndama yule mngempa nani, na wale watoto mngetoka kuwaambia nini?