Maksai wa Nkwabi

Lugha ya jirani haiozi ghalani. Leo mmenisikia nikiisema baada ya kumsalimia fundi cherehani wetu kwa Kirundi, mkanicheka, kisha mkataka kujua imetoka wapi. Sina kinyongo, nitawaambia. Methali hii ilizaliwa bondeni Kilombero, nami nilikuwepo.

Nkwabi alihamia kijijini kwetu kutoka Shinyanga, yeye na mkewe Holo, na maksai wawili wa kulimia. Wasukuma walikuwa wao tu. Sisi Wandamba, pamoja na Wangoni na Wahehe tuliowapokea kabla yao, tuliongea nao Kiswahili tukaona yatosha. Shangazi yangu Leonsia hakuona yatosha. Kila jioni alikwenda kuchambua mchele na Holo, akarudi akikariri maneno ya Kisukuma njia nzima. Shemeji yake Kasiani, bingwa wa kejeli, alimuuliza atayatumia wapi, au anataka kuolewa Shinyanga. Shangazi alijibu tu kwamba Holo hana ndugu huku.

Mwaka wa tatu, mvua zilipoanza, Nkwabi aliugua mapafu akapelekwa hospitali ya mbali. Holo akaenda kumuuguza. Shamba lao la mpunga likabaki halijaguswa, na mafuriko ya bonde hayamsubiri mgonjwa. Lisipolimwa wiki ile, wangerudi kwenye njaa.

Kijiji kikajitolea. Kasiani, ambaye ulimi wake ndio mkali lakini roho hana mbaya, aliwafunga maksai kwenye plau akawaamuru waende. Hawakusogea. Akabembeleza, akafoka, akachapa. Mmoja akajilalia kwenye tope. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa maana shamba lile kwa jembe la mkono lingechukua mwezi.

"Shemeji, nipe hiyo fimbo," shangazi akasema. "Hawa hawajakataa kazi. Hawajaambiwa."

Akaiweka fimbo chini. Akawaita maksai kwa majina yao, akasema nao Kisukuma, polepole, kama alivyozoea kumsikia Nkwabi. Aliyelala akainuka. Plau ikazama ardhini ikaanza kupasua udongo. Siku nne walilima, shangazi mbele akiongea, Kasiani nyuma ameshika plau, nasi wengine tukifuata kupanda mbegu. Nilijivunia kuwa damu ya mwanamke yule, na mpaka leo najivunia.

Nkwabi alirudi amekonda, akaukuta mpunga umefika magotini. Alilia mbele ya watu wala hakujificha. Kisha akauliza ni nani aliyeweza kuongea na ng'ombe wake. Shangazi akamjibu kwa Kisukuma, maneno mengi, nasi hatukuambulia hata moja. Tulichoona ni Holo kumkumbatia, asimwachie.

Kasiani alikohoa kidogo.

"Miaka mitatu nimekucheka, shemeji," akasema, "kumbe mwenzangu ulikuwa unaweka akiba." Akamgeukia Holo, akamwomba kwa adabu amfundishe walau salamu. Watu walipoanza kumcheka yeye, aliwatazama akawaambia, "Chekeni. Lugha ya jirani haiozi ghalani."